Nchi Isiyo na Ila

Palikuwa na nchi, na kama bado ipo basi haijaniarifu. Msiniulize iko wapi. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, nikifungua dirisha naiona. Nadhani macho yangu ni mabovu.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu moja waliyoirithi. Ukimwuliza mtu "Habari?" kwanza atakujibu "Nzuri," halafu ndipo atavuta pumzi akueleze yaliyompata. "Nzuri, ila mtoto hajafumbua macho tangu jana." "Njema, ila tumefiwa." "Salama, ila nyumba imeungua, hapa unaponiona natafuta pa kulala." Mgeni angedhani hawa watu wana wazimu. Hawakuwa nao. "Nzuri" ilikuwa hodi tu ya mlangoni. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya "ila".

Siku moja Mkuu wa Nchi alikwenda kufungua bomba la maji. Bomba zuri, limepakwa rangi ya bendera. Akashika kipaza sauti, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja, akauliza, "Wananchi, habari zenu?"

"Nzuriii!"

Na katika ule upenyo mdogo kabla ya makofi, mwanamume mmoja wa mstari wa mbele, kwa adabu zake zote, akamalizia:

"Ila maji hayatoki, Mheshimiwa."

Nchi nzima ilisikia. Wapo wanaosema hata bomba lilicheka, maana lilitoa hewa.

Wiki hiyohiyo Waziri wa Habari alifungua kamusi, na waliomwona wanasema aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenziwe. Akakuta kwamba "ila" ni lakini, na "ila" hiyohiyo ni doa, ni upungufu, ni kilema. Akaingia nayo bungeni.

"Waheshimiwa! Wahenga wametuachia kwamba kizuri hakikosi ila. Mimi nauliza, kizuri kimemkosea nani hata kiandamwe hivi? Tukiiondoa ila, kitabaki nini?"

"Kizuri!"

"Yupo hapa anayetaka nchi yenye ila? Anyooshe mkono!"

Sheria ilipita kabla ya chai. Neno likapigwa marufuku hewani. "Walakini" likakamatwa jioni hiyo, maana nalo lina sura mbili. "Lakini" likachukuliwa kwa kufanana na ndugu yake. "Kasoro" ndilo lililotia huruma: lilishikwa likiwa kazini, ndani ya saa. Tangu siku hiyo redio haikuweza kusema saa mbili kasorobo wala saa tatu kasoro dakika tano. Ikishapita nusu mtangazaji alitulia hadi saa kamili, na muda ule wa katikati ukapewa jina rasmi: Muda Usiotangazika. Watu waliendelea kuzaliwa humo, kupika humo, hata kuoana. Kiserikali walikuwa hawajafanya kitu.

Ikaundwa Tume ya Mawimbi ya Taifa kuisimamia sheria. Mwenyekiti alikuwa Profesa Msangule, msomi wa mawasiliano mwenye shahada tatu na mlango mmoja, nao una mlinzi. Chini yake aliajiriwa Bwana Ndimbo, Afisa Mkata-Ila, mtu mpole aliyekaa studio na visikizio masikioni na kidole juu ya kitufe chekundu. Neno likianza tu kuchungulia, Ndimbo anabonyeza, na kinachofuata kinakuwa kimya mpaka sentensi iishe. Profesa aliuita Utulivu wa Taifa. Alisema wageni wanakuja kujifunza kwetu jinsi ya kutulia.

*

Juu ya Bonde la Nyamwale palikuwa na bwawa la umeme. Umeme ulikwenda mjini, Bonde likabaki na bwawa. Mvua zikizidi, milango ya bwawa hufunguliwa, na desturi ilikuwa redio iwaambie watu wa Bonde siku moja au mbili kabla, wapande Kilima cha Ngoko na watoto wao na kuku wao, maji yapite, washuke.

Mwaka ule tangazo lilisomwa kama kawaida. Mtangazaji alikuwa na sauti ya kumlaza mtoto. "Wananchi wa Bonde la Nyamwale mnajulishwa kwamba hali ya bwawa ni nzuri, ila..."

Ndimbo akabonyeza. Ukapita Utulivu wa Taifa. Zikafuata salamu za wasikilizaji.

Siwema, mkulima wa mpunga kama wenziwe wote wa pale, alikuwa uani anapepeta. Mumewe Shomari alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakusikia vizuri.

"Wamesemaje huko?"

"Nzuri."

"Basi kesho naingia shambani."

Akaingia, na wanaume wenziwe wote; wanawake walibaki nyumbani, ukingoni mwa Bonde. Maji yalikuja saa tisa kasorobo. Hayakuanza kwa kelele, wenzangu. Walionusurika wanasema kwanza ndege walinyamaza, halafu mpunga ukainama wote upande mmoja kama watu wanaosujudu, na kelele ilipofika haikuwakuta wa kuisikia.

Serikali haikulala. Iliunda kamati, kamati ikala, ikachunguza, ikatoa taarifa. Ilibainika kwamba tukio linalodaiwa lilitokea saa tisa kasorobo. Saa hiyo haipo. Jambo haliwezi kutokea katika saa ambayo haipo, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Wale wasioonekana wametajwa kuwa "wamechelewa kurudi", na wake zao wakashauriwa kuacha chakula kimefunikwa.

Mimi sina neno. Nasimulia tu.

*

Matanga hayakuruhusiwa, maana unamlilia vipi mtu aliyechelewa? Siwema alikaa nyumbani na redio yake na sahani iliyofunikwa. Jioni moja zilikuwa zinasomwa habari za mazao. "Mavuno ya mpunga ni mazuri, ila..." Kimya kikaingia.

Ndani ya kile kimya akasikia maji. Yalikuwa mbali, kama mtu anayemimina kutoka mtungi hadi mtungi katika nyumba ya tatu. Halafu mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mwanamume anayetaka waliomo ndani wajue kwamba ameingia.

"Siwema."

"Abee," akaitika, kabla hajakumbuka kwamba hapaswi kuitika.

"Ila kesho milango ya bwawa itafunguliwa. Watu wote wapande kilimani."

Ilikuwa sauti ya Shomari. Alikuwa anasoma kile kipande cha tangazo la bwawa kilichokatwa. Akamaliza, sentensi ikaisha, redio ikarudi na bei ya mahindi.

Asubuhi kisimani hakuna aliyetaka kuanza kusema. Ndoo zilijaa zikamwagika. Mwishowe mama mmoja akauliza tu, akiangalia pembeni, "Wa kwako naye anakohoa kwanza?" Wakajua ni nyumba zote.

Tangu hapo wanawake wa Bonde walikaa karibu na redio wakisubiri ila. Walimpenda Waziri wa Fedha kuliko wote, kwa sababu hotuba zake zilikatwa sana. Siku redio ikiwa na habari nzuri tupu, walilala bila kuzungumza na waume zao.

Tume ilipata taarifa ikakasirika, ikatoa karipio: watu waliochelewa kurudi wanarusha matangazo bila leseni. Wafike ofisini saa za kazi na vitambulisho. Hawakufika. Studio, Ndimbo alianza kukonda. Watu wa Bonde walisikia kila mtu wake mmoja. Yeye, mwenye visikizio, aliwasikia wote kwa mpigo, kila alipobonyeza.

Siwema ndiye aliyesema, jamani, tusikae kulia tu. Akaunda Umoja wa Wasikilizaji wa Nyamwale. Dai lao lilikuwa dogo hata linatia aibu: tangazo la bwawa lisomwe mpaka mwisho wake. Wakaenda Tume, wakaketi kwenye benchi, wakarudi, wakaenda tena. Miaka ikawa inapita hivyo. Hatimaye Profesa akawapa jibu kupitia upenyo wa mlango.

"Tume inazungumza na wadau wa mawimbi. Mdau ni mwenye kituo. Nyinyi mna kituo?"

"Tuna masikio, Profesa."

"Mwenye masikio ni mpokeaji. Mdau anatoa, mpokeaji anapokea. Nikianza kumsikiliza mpokeaji, yeye atapokea nini?"

"Si mnasema mawimbi ni mali ya umma?" Siwema akauliza.

"Ni mali yenu," akasema Profesa, akitabasamu. "Si mlishapelekewa mpaka mashambani?"

Mlinzi alicheka. Alipomwona Siwema usoni akaacha.

*

Bonde likajaa tena. Ardhi nzuri haikai bure kwa ajili ya watu waliochelewa. Serikali ilileta wageni kutoka mikoani ikawagawia mashamba, na hao hawakuwa na mtu wao majini, kwa hiyo kimya kwao kilikuwa kimya. Akarudi hata Somoe, binti wa Siwema, aliyekuwa ameolewa mbali. Alirudi na mapacha wa kunyonya na talaka, akalima shamba la baba yake.

Mvua zikazidi. Jumanne hiyo Siwema alikuwa anasubiri kama kawaida. Redio ikasema hali ya bwawa ni nzuri, kikaja kimya, kikaja kikohozi. Maneno hayakuwa yale ya siku zote.

"Siwema. Wanafungua tena Alhamisi, mchana. Huku pamebana, na tumeambiwa tusogee, wenzetu wanakuja." Maji yakamiminika. "Wanasema yumo mmoja anaitwa Somoe, ana viwili mgongoni."

Siwema alishuka shambani bila kanga ya pili. Alimkuta Somoe anapalilia, mapacha kwenye kivuli cha kibanda, na Likwata, jirani na mtani wao, amekaa juu ya kinu anakula muwa.

"Haya, mke wa mchelewaji kafika," akasema Likwata. "Leo kakutuma nini? Sabuni? Mwambie huko aliko hahitaji kuoga."

"Likwata, leo sina utani. Somoe, beba watoto. Alhamisi maji yanakuja."

Somoe akainuka, mkono kiunoni. "Nani kasema?"

"Baba yako."

"Mama."

"Nimemsikia kama ninavyokusikia wewe."

"Mama, redio leo imesema habari za bwawa ni nzuri. Nikimbie nzuri, niende wapi?"

"Na baada ya nzuri walisemaje?"

"Baada ya nzuri pamekaa kimya."

"Hicho kimya ndicho baba yako!"

Likwata alitema makapi ya muwa, hakutania. Somoe aliwatazama watoto, akautazama mpunga wake, ulikuwa umeanza kubeba.

"Nikipanda kilimani leo, kesho nguruwe wanamaliza shamba, na Bonde zima litanicheka. Na hawa wageni wataniuliza nimeambiwa na nani. Niwajibu nini? Kimya? Mama, redio ikisema natoka. Natoka na watoto, na kuku, na huyu Likwata nambeba kichwani na muwa wake. Redio isiposema, sitoki."

"Na sisi hivyohivyo," wakasema wageni wa shamba la pili, waliokuwa wamesogea kusikiliza. "Redio iseme."

*

Sasa, katika nchi ile sheria iliitaka Tume isikilize wananchi walau mara moja, na Jumatano ile ndiyo ilikuwa Kikao cha Wazi. Kilifanyika ndani ya ukumbi uliofungwa, kikirushwa moja kwa moja, ili taifa lisikie jinsi Tume inavyosikiliza. Utaratibu ulisomwa na Profesa mwenyewe. Kila mwananchi atasema sentensi moja. Sentensi itaanzia kwenye salamu, kwa sababu sisi si watu wa kukosa adabu.

"Baada ya nzuri," akasema Profesa, "mwananchi ana uhuru kamili."

Walipita watu. Mwalimu mmoja akaulizwa habari, akasema nzuri, ila, na Ndimbo akabonyeza, tukaona mdomo wa mwalimu ukifunguka na kufungwa kama wa samaki. Makofi. Mkunga akasema njema, isipokuwa, na neno hilo lilikuwa halijapigwa marufuku, likapigwa hapohapo. Makofi. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mitambo, na kila kimya kilipopita watu wa Bonde walioketi nyuma walionekana wakiinamisha shingo upande, kama wanaosikiliza ukuta.

Akaitwa Siwema.

"Jina lako?"

"Siwema."

"Jina hilo hewani lina matatizo," akasema Profesa, ukumbi ukacheka. "Haya, Mama Wema. Habari?"

Ndimbo aliweka kidole. Taifa lilisubiri nzuri. Mtu yeyote angeisema. Mimi ningeisema, na wewe unayenisikiliza ungeisema, hata kama kisu kiko tumboni, kwa sababu tumelelewa hivyo na waliotulea walilelewa hivyo. Siwema alifungua mdomo, na waliokuwa karibu wanasema ile nzuri ilifika kwenye meno kabisa. Akaimeza.

"Bwawa la Nyamwale linafunguliwa kesho mchana na watu wote wa Bonde watakufa maji kama walivyokufa wa kwanza, kwa hiyo Somoe mwanangu toka shambani sasa hivi, beba watoto, waambie na wageni, pandeni Ngoko, msisubiri kesho, msirudie kuku..."

Profesa alisimama. "Kata!"

"Nakata ila, Profesa," akasema Ndimbo. Kidole chake kilikuwa hewani, juu ya kitufe. "Hajaisema bado."

"...pandeni, pandeni," akaendelea Siwema, akavuta pumzi, "ila nzuri."

Ndimbo akabonyeza kwa nguvu zake zote. Nchi nzima ilisikia onyo, lote, halafu neno nzuri likakatwa mahali pake, kikabaki kimya kirefu ambacho ndani yake, safari hii, hata mikoani kusikokuwa na mto, watu walisikia maji yakimiminwa na umati wa watu wakikohoa.

*

Somoe alitoka. Alitoka na mapacha, na wageni wakatoka, na Likwata akatoka bila muwa. Alhamisi milango ilifunguliwa. Maji yalipita juu ya kibanda, juu ya kinu, juu ya mpunga uliokuwa umebeba, yakaenda baharini mikono mitupu. Juu ya Kilima cha Ngoko hakuna aliyeshangilia. Walisimama wakitazama chini, na wengine waliapa kwamba maji yale yalipofika kwenye mashamba yalipunguza mwendo kidogo, yakizunguka nyumba hadi nyumba, kama mtu anayewatafuta wenyeji.

Siwema yeye hakuwa kilimani. Alikuwa mahabusu, na Ijumaa akafikishwa mahakamani kwa kosa la kutangaza maafa yasiyotokea.

Hakimu alikuwa mtu wa haraka. "Mshtakiwa, ulisema watu watakufa."

"Nilisema, mheshimiwa."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Walipanda kilima."

"Mimi sijauliza walipanda nini. Nauliza maiti. Mtu akisema kuna moto tunataka majivu. Profesa Msangule hapa ameleta ushahidi wake: Bonde zima wazima, wanapika. Wewe una nini?"

"Niliona maafa ya kwanza, mheshimiwa. Kwenye ya kwanza ninao."

"Una nini?"

"Maiti."

Profesa alicheka, akamgeukia hakimu kama watu wa kijiwe kimoja. "Hao walichelewa kurudi, mheshimiwa. Ipo taarifa."

"Wamechelewa sana," akasema hakimu, naye akacheka, na mahakama yote ikapata ruhusa ya kucheka. "Haya, tusiseme hatukumtendea haki. Mama anasema ana maiti, basi ndio mashahidi wake. Karani! Toka nje uwaite mashahidi wa mama. Nani wa kwanza?"

"Shomari Mlapakolo," akasema Siwema.

Karani alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Haikuwa juu yake kujua nani yu hai. Alitoka barazani, akakunja viganja mdomoni, akaita kama inavyotakiwa, mara tatu, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye miembe ya nyuma ya gereza.

"Shomari Mlapakolo!"

Watu walikuwa bado wanacheka.

"Shomari Mlapakolo!"

Feni ya juu ilikuwa inazunguka. Mtu mmoja akanyanyua mguu wake kutoka sakafuni, akautazama wayo wa kiatu, umelowa.

"Shomari Mlapakolo!"

Nje, mtu akakohoa kidogo, na kusema, "Naam. Tumefika wote."

Karani aliurudisha mlango nyuma akaushikilia, maana walikuwa wengi. Wa kwanza alikuwa na matope mpaka magotini na kipande cha mpini mkononi. Hakumwangalia hakimu wala Profesa. Alisimama kizimbani pale alipoonyeshwa, maji yakimtiririka, na karani, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka, akamwuliza jina lake, naye akalitaja, likaandikwa. Halafu karani akamwuliza amekufa lini, saa ngapi, na kalamu ikasubiri.